Onyesheni njia! Maoni ya mwalimu wa hesabu wa Mwanza kuhusu simu, shule na mikeka

#1 Mleta uzi

Mwangaluka wakuu.

Nafundisha hesabu chuoni hapa Mwanza, na kabla ya hapo nilishika chaki sekondari. Humu huwa napita tu kusoma. Leo nashusha uzi kwa sababu kuna jambo linanikera.

Darasani ukiandika jibu bila njia, unakula sifuri hata kama jibu lenyewe ni sahihi. Humu mtandaoni ukiandika jibu bila njia unaambiwa umeupiga mwingi. Mtu anatupia "dawa ya kisukari hii hapa", "timu tatu za uhakika leo", "weka elfu hamsini uvune laki tatu", na watu elfu mbili wanasambaza. Hakuna anayeuliza: umefikaje hapo? Wanaouliza wanaitwa wachawi.

Sasa imeongezeka akili mnemba, na hapo ndipo mambo yananoga. Hizi programu zenyewe zinaonyesha njia, tena kwa mwandiko safi kuliko wa mwalimu. Kwa hiyo ule wimbo wetu wa "onyesha njia" peke yake hautoshi tena.

Niwape mfano. Niliwapa vijana zoezi: maji ya Ziwa Victoria yakigawanywa sawasawa kwa Watanzania wote, kila mtu anapata matanki mangapi ya lita 1,000? Takwimu nikaziandika ubaoni: eneo la ziwa kilomita za mraba 68,800, kina cha wastani mita 40, watu 61,741,120 wa sensa ya 2022. Kijana mmoja akaniletea simu. Programu imempangia kila kitu, mstari kwa mstari, vizio vimeandikwa, jibu limepigiwa kistari: matanki 44 na nusu kwa kila mtu.

Shida ilikuwa mstari wa tatu. Kilomita moja ya ujazo imegeuzwa kuwa mita za ujazo milioni moja, wakati ni bilioni moja. Mistari mingine yote ilikuwa safi kabisa, na ndiyo maana kijana hakuona kitu.

Sikumwonyesha kosa. Nilimuuliza: kabla ya maji, eneo lenyewe ukiligawa kwa watu hao, kila mtu anapata kiwanja cha ukubwa gani? Akapiga: mita za mraba 1,114. Zaidi kidogo ya robo ekari. Haya, mwaga matanki 44 juu ya robo ekari, maji yanafika wapi mguuni? Akapiga tena, akaanza kucheka mwenyewe. Sentimita nne. Kwa hesabu hiyo meli ya kwenda Bukoba ingebidi abiria washuke waisukume.

Kila mtu anapata zaidi ya matanki elfu 44. Kijana angekuwa na mazoea ya kukisia kwanza, hata kwa vidole, asingehitaji kuja kwangu. Na hilo la kukisia halifundishwi shuleni wala halipewi alama, halafu mtandaoni ndiyo kabisa.

Karibuni kwa hoja. Matusi mkayaweke kwenye nyuzi za siasa.

#2 Mdau, Igoma

Shikamoo mwalimu. Nimekaa siti ya mbele, naagiza na kahawa.

#3 Mdau, Bukoba

Uzi mzuri ila umetudhulumu majirani. Ziwa siyo la Watanzania peke yao. Kuna Uganda na Kenya, sisi tuna kama nusu tu. Matanki yako elfu 44 yapunguze.

#4 Mleta uzi

Marahaba wa Igoma.

Wa Bukoba, umenipinga vizuri na ndivyo ninavyotaka. Umesema kilichoachwa ni nini na kinabadilisha jibu kwa kiasi gani. Gawa kwa mbili: matanki elfu 22 na kitu. Bado huwezi kuyamaliza.

#6 Mwalimu wa sekondari, Magu

Mwalimu mwenzangu, unaongea ukiwa chuoni. Njoo huku. Nina mikondo ambayo kila mmoja umezidi wanafunzi mia. Nikimuuliza kila mtoto "umefikaje hapo" kwa dakika moja tu, vipindi viwili vimeisha na mada haijaanza. Ofisi inataka wastani wa shule upande. Mimi nawapa maswali ya mitihani iliyopita na madesa, wanapiga msuli, wanaokariri wanapona. Hizo nadharia za kukisia tutazipeleka wapi?

#7 Mleta uzi

Mkuu wa Magu, sikubishii hata kidogo kuhusu idadi. Ila tuangalie hicho tunachokiita kupona. Mwaka 2022 waliofaulu hesabu kidato cha nne walikuwa kama asilimia 20 ya waliofanya. Mwaka 2023 wakafika kama 25. Yaani tunakariri nchi nzima, usiku na mchana, twisheni asubuhi na jioni, halafu watatu kati ya wanne wanaanguka. Kukariri kungekuwa kunaokoa, tungeshaona.

Na angalia jambo hili ambalo watu hawalisemi. Mtihani wa hesabu wa kidato cha nne hauruhusu kikokotoo. Mtoto anaingia na kitabu cha jedwali la NECTA. Akitoka getini anakutana na simu inayofanya kila kitu. Kati ya jedwali na simu hakuna aliyemfundisha chochote: lini mashine idharauliwe, lini iaminiwe, jibu lipi halikai sawa. Simu shuleni marufuku, nyumbani anayo ya mama yake. Tumekataza, na elimu yake hatujaitoa. Kwa maoni yangu hapo ndipo tunapokosea zaidi kuliko kwenye hiyo simu yenyewe.

Cha kufanya kwenye darasa la watu mia: swali moja kila kipindi, kabla ya kuanza kukokotoa. "Jibu litazidi mia au halitazidi?" Wanaosema litazidi wanyooshe mikono, wasiokubali wanyooshe. Halafu mnakokotoa. Ni nusu dakika, haihitaji karatasi, na yule wa nyuma aliyelala anaamka kwa sababu ameweka msimamo wake hadharani. Nilikuwa nafanya hivyo nikiwa na darasa kama lako. Hawakugeuka vipanga wote, lakini waliacha kuniandikia kwamba urefu wa mlingoti wa bendera ni kilomita tatu.

Lugha nayo inachangia, mtoto anahama Kiswahili akifika kidato cha kwanza na hesabu inahama naye. Huo ni uzi mwingine na utatutoa kwenye mada.

#8 Mdau, Magu (mwingine)

Kilomita tatu hahaha. Mwalimu umenikumbusha mbali.

#9 Kijana wa programu, Nyegezi

Mimi naandika programu kwa kula. Mwalimu, kwa heshima zote, naona ninyi watu wa hesabu mnaogopa kazi yenu kuchukuliwa. Mwezi Julai 2025 programu za Google DeepMind na OpenAI zimepata alama za medali ya dhahabu kwenye maswali ya Olimpiadi ya kimataifa ya hisabati, alama 35 kati ya 42. Hayo ni maswali ambayo wengi wetu hata kuyasoma hatuwezi. Halafu wewe unatuletea kosa la mita za ujazo. Subiri miaka miwili.

#10 Mleta uzi

Kijana wangu, umekuja na takwimu na nakupongeza. Ila mimi sitegemei mashine iendelee kukosea milele ili hoja yangu isimame.

Ugomvi huu kwetu ni wa siku nyingi. Mwaka 1852 Francis Guthrie, akipaka rangi ramani ya majimbo ya Uingereza, aliona rangi nne zinatosha ili majirani wasifanane. Chukua ramani ya mikoa yetu ujaribu, Mwanza, Geita, Shinyanga, Simiyu, Mara, endelea hadi Mtwara. Nne zitakutosha. Kuthibitisha kwamba zinatosha kwa ramani *yoyote* kulichukua zaidi ya miaka 120. Mwaka 1976 Kenneth Appel na Wolfgang Haken walimaliza kazi kule Illinois, lakini kwa kuiachia kompyuta ikague ramani moja moja kwa saa zaidi ya elfu moja. Wanahisabati wengi walikasirika. Walisema huu siyo uthibitisho kwa sababu hakuna binadamu anayeweza kukaa akausoma wote.

Upande wa pili yuko Doron Zeilberger wa Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani. Huyo ameiandika kompyuta yake kama mwandishi mwenza kwenye makala zake, akaipa na jina kabisa, Shalosh B. Ekhad. Anaona majivuno yetu ya kufanya kila kitu kwa kichwa yatatuaibisha.

Mimi niko karibu na Zeilberger kuliko unavyodhani. Mashine ifanye. Lakini angalia kilichotokea kwenye rangi nne: watu hawakukubali kwa sababu kompyuta imesema. Waliuliza, ikahakikiwa upya, na mwaka 2005 Georges Gonthier akakamilisha uhakiki wa kila hatua kwa programu iliyotengenezwa kwa ajili ya kuhakiki uthibitisho. Karibu miaka thelathini ya "umefikaje hapo?" Wewe na mimi tunapokea jibu la simu kwa sekunde tatu na kulituma kwenye kundi la familia.

Na hiyo miaka miwili yako: mashine ikiacha kukosea mita za ujazo, mwenye kuuliza swali bado ni wewe. Ukiuliza vibaya utajibiwa vizuri sana.

#11 Kijana wa programu, Nyegezi

Hiyo ya mwisho nimeikubali. Mengine bado nipo upande wangu.

#13 Mdau, Mabatini

Mwalimu umegusa "timu tatu za uhakika", mimi ndiyo mtu wa mikeka ya kubeti, usitudharau. Juzi jamaa yangu kavuta laki nane kwa buku, na mkeka aliutupia kwenye kundi tukauona. Hiyo siyo njia?

#14 Mleta uzi

Hapana mkuu, hilo ni jibu. Mikeka yake iliyochanika, ile aliyoliwa, ameitupia wapi?

Sikudharau, hesabu ya mikeka ni tamu kuifundisha na vijana wanaisikiliza kuliko mada yoyote. Chukua mechi moja yenye odi hizi (yaani hela yako inarudi mara ngapi ukipatia): nyumbani 2.10, sare 3.20, ugenini 3.40. Gawa moja kwa kila odi: 0.476, 0.3125, 0.294. Jumlisha. Mchezo wa haki ungekupa 1 kamili. Hapa unapata 1.083. Hicho kilichozidi ndicho chakula cha kampuni, na hawajakificha, kimeandikwa pale pale kwenye simu yako.

Maana yake, ukiwa hujui siri yoyote ya ziada, kila buku unayoweka kwenye mechi kama hiyo inarudi kwa wastani kama shilingi 923. Siyo mbaya sana, eti? Sasa wewe huweki mechi moja. Unasuka mkeka wa mechi kumi ili odi ipae. Ile 0.923 inajizidisha yenyewe mara kumi, na buku yako wastani wake umeshuka hadi kama 450, kabla hata kodi haijagusa. Kadiri mkeka unavyorefuka ndivyo unavyotamanika, na ndivyo unavyokula nusu yako kimyakimya. Kampuni inapenda mikeka mirefu kuliko wewe.

Jamaa yako wa laki nane yupo kweli, simkatai. Kwenye watu wengi lazima awepo mmoja, na ndiye tutakayemwona, kwa sababu hakuna mtu anayepiga picha mkeka uliochanika na kuandika "wadau mambo si hayo". Kundi la watu mia tano linaonekana limejaa washindi. Hapo mtandao hauongopi hata mara moja, kila picha ni ya kweli. Wanachokuficha ni zile zisizopigwa.

#15 Mdau, Mabatini

Dah. 450. Umenifungia wikiendi mwalimu.

#16 Mama wa dagaa, Kirumba mwaloni

Mwanangu mwalimu, mimi sina elimu hiyo. Kuna kundi la simu tumeingizwa hapa mwaloni. Unaweka hela, unaleta watu sita, kila mmoja naye analeta sita, hela inapanda. Waliotangulia wamelipwa kweli, mmoja namjua kanunua friji. Naambiwa niwahi kabla halijajaa. Unasemaje?

#17 Mleta uzi

Shikamoo mama. Elimu ya kuuza dagaa msimu wa mvua wakati hazikauki siyo ndogo, usijishushe.

Tufanye pamoja. Wewe ni mmoja. Unaleta 6. Hao wanaleta 36. Kisha 216, kisha 1,296, kisha 7,776. Mpaka hapo bado unaona ni watu wa soko na vitongoji. Hatua ya nane tu peke yake inahitaji watu 1,679,616, na ukijumlisha na waliotangulia wamepita milioni mbili. Mkoa mzima wa Mwanza, na watoto wachanga ndani yake, kwenye sensa ya 2022 ulikuwa na watu 3,699,872. Hatua ya tisa inataka milioni kumi. Hatua ya kumi inataka watu 60,466,176, ukijumlisha na wa nyuma Tanzania yote imeisha na bado hawatoshi.

Kwa hiyo wakikuambia wahi kabla halijajaa, hapo wamesema kweli. Litajaa, na watakaolikuta limejaa ndio wengi kuliko wote: wa hatua ya mwisho peke yao ni zaidi ya wote waliowatangulia ukiwajumlisha, mara tano. Friji la jirani yako limenunuliwa kwa hela ya watu kama wewe, hakuna biashara nyingine pale. Wakubwa humu mnaikumbuka DECI, upatu wa namna hii hii wa enzi za kupanda mbegu, hadi serikali ilipoingilia mwaka 2009. Hesabu ni ile ile, imehamia kwenye simu.

Mama, usiweke. Na kama umeshaweka, idai sasa hivi wakati wengine bado wanaingia. Usimwingize mtu.

#18 Mama wa dagaa, Kirumba mwaloni

Marahaba baba. Sijaweka. Nimemwonyesha na mwenzangu hapa hiyo ya milioni kumi, kanuna.

#19 Mwanafunzi wa chuo, Malimbe

Shikamoo mwalimu. Nimesoma zote. Ila nasikia kama mtandao kwako ni shimo tu. Mimi hesabu yangu nyingi nimejifunza kwenye simu, kwa video za watu nisiowajua, nikitumia bando la usiku. Hakuna kizuri?

#20 Mleta uzi

Marahaba binti. Kipo, na kizuri hasa. Pengine nimekibania kwa sababu nimeanza kwa hasira.

Mwaka 2009 Timothy Gowers, mwanahisabati mkubwa wa Uingereza, aliweka tatizo gumu hadharani mtandaoni akasema: njooni tulifikirie wote, hata wazo nusu lilete. Watu wakaja. Kanuni ilikuwa andika unachowaza hata kama hakijaiva, na wengine wakikosoe bila kukutukana. Ndani ya wiki chache tatizo likafunguka. Wakauita mradi huo Polymath.

Kisha 2013 akatokea Yitang Zhang, mhadhiri ambaye wengi hawakuwa wakimfahamu, ambaye huko nyuma aliwahi kufanya kazi kwenye mgahawa wa sandwichi wa Subway. Unazijua namba tasa pacha, 11 na 13, 17 na 19, zinazopishana kwa mbili. Kwamba haziishi hakuna aliyethibitisha mpaka leo. Zhang akathibitisha kwamba jozi za namba tasa zinazopishana kwa chini ya milioni 70 haziishi. Milioni 70 ni mbali na 2, lakini kabla yake hapakuwa na kikomo chochote. Watu wa Polymath, Terence Tao akiwaongoza, wakaanza kuishusha, wiki kwa wiki, kila mtu akiona kila hatua ya mwenzake. James Maynard naye akaleta njia yake tofauti. Kufikia 2014 walikuwa kwenye 246.

Nyuzi za kazi ile zinasomeka hadi leo. Mtu anaandika wazo, saa mbili baadaye mwingine anasema "mstari wa pili haushiki", mwenye wazo anashukuru na kurekebisha. Hakuna "povu", hakuna "wewe ni kilaza". Vifaa vyao ni hivi hivi tulivyo navyo, kibodi na intaneti. Kwa hiyo siulaumu mtandao, nalaumu tabia tuliyoingia nayo.

Na hizo video zako endelea nazo. Ila simamisha kabla mwalimu hajafika mwisho, kisia, kisha uendelee.

#21 Bodaboda, Buzuruga

Mwalimu naomba na mimi unisaidie, naona umewahudumia wengine. Pikipiki ya mkataba. Dukani taslimu ni 2,800,000. Bosi ananipa, napeleka hesabu elfu kumi kwa siku, siku sita kwa wiki, wiki 65, kisha chombo changu. Njia yangu: 60,000 mara 65 ni 3,900,000. Nazidisha milioni moja na laki moja. Gawa kwa 2,800,000 ni kama asilimia 39. Nimeona siyo mbaya. Nimekosea?

#22 Mleta uzi

Umeonyesha njia, hongera, na kuzidisha kwako ni sahihi. Ila asilimia 39 ni kama ungekaa na deni lote la 2,800,000 mpaka siku ya mwisho. Wewe unalipunguza kila wiki. Katikati ya mkataba deni limeshakuwa nusu, kwa hiyo kwa wastani umekaa na deni la kama 1,400,000 tu, na hiyo ndiyo unayoilipia 1,100,000 kwa mwaka mmoja na robo. Kwa kukisia inakuja kama asilimia 63 kwa mwaka. Ukikokotoa kwa makini inashuka, 55 hivi.

Siyo lazima iwe mbaya. Bosi naye anabeba hatari ya ajali na ya wewe kutoroka na chombo, na huna mahali pengine pa kukopa. Lakini muulize jambo moja kabla hujasaini: ukipata hela ukamaliza wiki ya 40, anapunguza au unalipa zile zile 3,900,000? Na pikipiki ikilala gereji wiki nzima, hesabu inaendelea kuhesabiwa?

#23 Bodaboda, Buzuruga

Bosi ni mjomba wangu.

#24 Mdau, Igoma

Hahahaha hapo hesabu imegoma.

#25 Mleta uzi

Basi uliza kwa adabu, lakini uliza. Na iandikwe.

#26 Bodaboda, Buzuruga

Nimempigia. Kumaliza mapema amekubali atapunguza. La gereji kasema tutaongea Jumapili.